Simu Ni Yako, Funguo Ni Zao: Ukweli Kuhusu Simu za Lipa Polepole

Shuka stage yoyote Nairobi, iwe ni Githurai, Kayole ama Kawangware, na kabla hujatembea mita hamsini utaitwa na msee amevaa tishati ya rangi kali. "Boss, simu? Leta kitambulisho tu na depoziti kidogo, unaenda nayo sai." Na hakudanganyi. Unakaa kwa ule mwavuli wake, unapigwa picha, unaweka sahihi mahali umeonyeshwa, na baada ya muda mfupi unatoka na simu mpya kwa sanduku. Kila siku unatuma kitu kama bei ya chapo mbili na chai. Mwaka ukiisha simu ni yako.

Sasa imagine siku mvua imenyesha Nairobi kama imetumwa. Hakuna kazi, hakuna doo, na hujatuma ile ya leo. Kesho yake unaamka, unashika simu, na skrini inakuambia kitu kimoja tu: lipa. WhatsApp hakuna. Apu ya kazi hakuna. Namba za wateja ziko huko ndani, na wewe uko nje.

Leo nataka tuongelee hiyo kufuli. Sijakuja kukuambia simu za mkopo ni mbaya, juu nusu ya mtaa haingekuwa na simu ya maana bila hizo mikopo. Pia sijakuja kutetea mtu amechukua simu na hana mpango wa kulipa. Ninachosema ni hiki: Kenya tumekubali kampuni ishike funguo za kitu unatumia kula, kuongea na kulipwa, na hatujaandika vizuri ni lini inaruhusiwa kuzungusha hizo funguo. Na cha kushangaza, babu zetu walikuwa wameandika. Ngoja tufike hapo.

Stori ilianza na sola, si simu

Watu wengi hudhani hii mambo ilianza na simu. Zii. Rudi nyuma hadi 2012. M-KOPA walianza kuuzia watu sola mashambani, wale ambao stima ilikuwa haijawafikia. Unalipa depoziti, halafu pesa kidogo kila siku kwa M-Pesa. Ndani ya kile kidude cha sola kulikuwa na sim card. Ukilipa, kampuni inakitumia ujumbe kiendelee kuwaka. Usipolipa, kinazima. Hakuna mtu anakuja kwako kubisha mlango, hakuna auctioneer, hakuna kelele. Giza tu.

Hiyo ilikuwa akili ya hali ya juu, tusibishane. Benki ilikuwa imekataa kumkopesha mama wa shamba kwa sababu hana payslip wala title deed. Kufuli ndiyo ikawa security. Kampuni haihitaji kujua wewe ni nani sana, inahitaji tu kujua kwamba inaweza kuzima.

Halafu mtu akajiuliza: kama inaweza kuzima taa, kwani haiwezi kuzima simu? Julai 2020, katikati ya korona, Safaricom na Google wakazindua Lipa Mdogo Mdogo. Shilingi 20 kwa siku, unapata smartphone ya 4G. Wengine nao wakaingia. M-KOPA wakaleta simu, na Watu, ambao mlikuwa mnawajua kwa loan za nduthi, pia wakaleta zao. Leo hii biashara imeenea hadi ukienda mtaani kuuliza watu kumi kama simu zao wamenunua cash, utashangaa.

Na serikali pia ilisukuma hii gari bila kujua. Ukinunua simu mpya leo unalipa VAT ya asilimia 16, na tangu 2022 simu zinazoingizwa nchini ziliongezewa excise duty ya asilimia 10. Oktoba 2023 Rais Ruto alifungua ile kiwanda ya kuunganisha simu kule Athi River, na simu ya bei ya chini ikatoka ikiwa 7,499. Hiyo ni poa, lakini 7,499 kwa msee wa mjengo bado ni mkwanja wa kukaa chini ufikirie. Ndiyo maana ukiambiwa "lipa polepole", hata husomi ile karatasi.

Hiyo kufuli inafanya kazi aje?

Kila simu ina namba yake inaitwa IMEI. Piga *#06# sai uone yako. Ukichukua simu kwa mkopo, kampuni inaingiza hiyo IMEI kwa mtambo wao. Simu ikiwashwa na kupata intaneti mara ya kwanza, inauliza mtambo: "Mimi ni wa nani?" Mtambo unajibu: "Wewe ni wa mkopo." Hapo kufuli inaingia.

Kwa simu nyingi za Android, kazi hii hufanywa na programu ya Google inayoitwa Device Lock Controller. Samsung wana yao, inaitwa Knox Guard. Si apu ya kawaida ambayo unaweza kushikilia kidole ufute. Imekaa chini kabisa, karibu na moyo wa simu. Ndiyo maana ukifanya factory reset, simu inafutika picha zako zote, lakini ikiona intaneti tu, kufuli inarudi kama deni ya shosho. Google wenyewe wanasema kwamba simu ikifungwa, bado utaweza kupiga simu za dharura na kuingia kwa setingi. Zaidi ya hapo, inategemea mwenye kukukopesha ameamua nini.

Najua unachofikiria. "Si nipeleke Luthuli, kuna fundi anaitoa." Kuna mafundi wanasema hivyo, ndio. Lakini jua mambo mawili. Moja, kubadilisha IMEI ya simu ni kosa la jinai Kenya, na wewe ndiye utakuwa na hiyo simu mfukoni karao akiuliza. Mbili, deni haijatoka. Jina lako bado liko kwa vitabu vyao, na siku moja utataka loan ya kitu kikubwa zaidi.

Hebu tupige hesabu

Tuchukue mfano wangu wa kubuni, si wa kampuni yoyote, ili tuone vile hizi bei hujengwa. Simu inauzwa cash 14,000 dukani. Kwa mkopo, depoziti ni 2,500, halafu 65 bob kila siku kwa siku 365.

65 mara 365 ni 23,725. Ongeza depoziti 2,500. Jumla 26,225. Simu ya 14,000 umeinunua 26,225.

Wengi hapa husema, "Aah, ni kama mara mbili hivi, si mbaya." Lakini angalia vizuri. Wewe hukukopa 14,000. Ulitoa 2,500 siku ya kwanza, kwa hivyo ulikopa 11,500. Juu ya hiyo 11,500, umelipa nyongeza ya 12,225. Yaani gharama ya mkopo imekuwa kubwa kuliko mkopo wenyewe, ndani ya mwaka mmoja. Na kumbuka kila siku ulikuwa unapunguza deni, hukukaa na 11,500 yao mwaka mzima. Ukienda kwa sacco na hiyo hesabu, watakuuliza nani alikuroga.

Sasa angalia tarehe. Siku ya 177, pesa uliyolipa inapita 14,000. Bei ya dukani imekwisha, na hiyo bei tayari iko na faida ya mwenye duka. Siku ya 231, umelipa 17,515, ambayo ni zaidi kidogo ya theluthi mbili ya ile jumla yote. Lakini kutoka hapo bado kuna siku 134 ambapo ukikosa 65 bob, simu inaweza kufungwa sawa tu na yule mtu alichukua yake jana asubuhi.

Shika hiyo siku ya 231. Iko na maana kuliko unavyodhani.

Sheria ya 1968 ilikuwa imeona hii mchezo

Zamani kabla ya simu, kulikuwa na sofa, kabati, redio na cherehani. Watu walikuwa wananunua kwa hire purchase. Unalipa polepole, na hadi umalize, kitu bado ni cha mwenye duka. Mchezo chafu ulikuwa rahisi: mteja analipa miezi kumi, mwezi wa kumi na moja anaumwa ama anafutwa kazi, na siku hiyo hiyo pickup inafika. Sofa imeenda, pesa ya miezi kumi imeenda, na mwenye duka anauzia mtu mwingine hiyo sofa.

Bunge la Kenya likatunga sheria 1968, inaitwa Hire-Purchase Act, sura ya 507, na iko hadi leo. Sheria inasema mkataba usajiliwe. Inasema mnunuzi aambiwe kwa maandishi bei ya cash ni ngapi. Na kuna kifungu kimoja kitamu sana: ukishalipa theluthi mbili ya bei ya hire purchase, mwenye mali hawezi kuja tu kuchukua. Lazima aende kortini. Jaji ama hakimu ndiye atasema.

Soma hiyo tena pole pole. Mwaka wa 1968, watu ambao hawajawahi kuona hata calculator ya mfukoni walielewa kwamba mtu amelipa theluthi mbili hafai kutendewa kama mwizi. Walijua kuna tofauti kati ya msee amelipa wiki moja na msee amebakisha kidogo. Wakamwekea huyo wa pili mlango, na mlinzi wa huo mlango akawa korti.

Sasa njoo kwa simu. Kampuni haiji kwako. Haichukui simu. Simu iko mfukoni mwako, nzima, haina hata mkwaruzo. Kitu pekee ni kwamba haifanyi kazi. Je, hiyo ni "kuchukua mali" ama si "kuchukua mali"? Wakili wa kampuni atakuambia si kuchukua, kwani simu si unayo? Na pia atakuambia mkataba wako haujaandikwa kama hire purchase, umeandikwa kama mkopo wa simu, kwa hivyo hiyo sheria ya sofa haikuhusu. Na kwa karatasi anaweza kuwa sawa. Ndiyo maana nakuambia usikimbie kortini na hii makala mkononi.

Lakini wewe kama binadamu wa kawaida unaona vile iko. Sofa iliyochukuliwa na simu iliyofungwa ni kitu kimoja kwa mwenye kulipa. Zote mbili hawezi kutumia. Tofauti ni kwamba ya sofa ilihitaji pickup, vijana wanne wa kubeba, na baada ya theluthi mbili, karatasi ya korti. Ya simu inahitaji kompyuta moja na sekunde mbili. Pale kazi ya kunyang'anya ilipokuwa rahisi, ulinzi ndio ukapotea.

Simu si sofa

Kuna kitu kingine. Sofa ikienda, utakaa kwa kiti cha plastiki na maisha iendelee. Simu ikienda, pesa ya kulipa hiyo simu nayo inaenda.

Fikiria msee wa boda anapata wateja kwa apu. Fikiria manzi anauza mitumba ya Gikomba kupitia WhatsApp status. Fikiria mtu wa mjengo anayengoja foreman ampigie saa kumi na moja asubuhi. Hawa ndio wateja wakubwa wa simu za mkopo, si wale wa Kilimani wenye payslip. Ukiwafungia simu siku wamekosa 65 bob, umewafungia njia ya kutafuta hiyo 65 bob. Ni kama kumnyang'anya mvuvi nyavu ndio akuletee samaki.

Hapa kuna ujanja mmoja wa kukusaidia, na si kinyume cha sheria. Laini yako si ya kampuni ya mkopo. Simu ikifungwa, toa sim card, weka kwa kabambe ama mulika mwizi yoyote. Simu zinaingia, meseji zinaingia, na M-Pesa yako unaipata kwa *334# bila intaneti. Kwa hivyo kuwa na kabambe ya akiba kejani si ushamba, ni insurance. Lakini WhatsApp, apu za kazi, picha za mali yako na namba ambazo hukuhifadhi kwa laini, hizo zinabaki jela hadi ulipe.

Na hata kama umeweza kulipa kutoka kwa kabambe, kuna ule muda wa kungoja simu ishike mtandao, ijue umelipa, ifunguke. Mtu wa kazi ya saa kumi na moja asubuhi hana huo muda.

Lakini bila kufuli hakuna mkopo, si ndio?

Hii ndiyo hoja ya kampuni, na iko na uzito, usiipuuze. Wakopeshaji wanasema: sisi tunakopesha watu ambao benki imekataa. Hatuna logbook, hatuna mdhamini. Kuna wasee wanachukua simu leo, wanaiuza kesho kwa nusu bei, halafu wanabadilisha laini. Tukiondoa kufuli, ama tunapandisha bei kwa kila mtu, ama tunafunga duka.

Ni kweli. Na mlipaji mzuri ndiye hulipia wale watoro, hiyo pia ni kweli. Kwa hivyo mimi sisemi kufuli itolewe. Nasema iwe na mipaka, vile sofa ilikuwa na mipaka.

Rudi kwa ile siku ya 231. Msee amelipa siku zote hizo huyo si mtoro. Mtoro huonekana mapema, wiki za kwanza. Huyu tayari amelipa 17,515 kwa simu ya 14,000. Kampuni imerudisha bei ya duka na juu yake 3,515. Kinachobaki ni faida na gharama za biashara. Kudai hiyo pesa ni haki yao, lakini kuna njia nyingi za kudai deni kabla ya kumzimia mtu kazi. Ukisema kwamba baada ya theluthi mbili kampuni isifunge simu yote, inaweza labda kukuwekea tangazo kila ukiwasha, ama ikufungie michezo na video na kukuachia simu, meseji na apu za kazi, hakuna biashara itakufa. Kufuli inaweza kuwa na hatua. Wameamua tu kwamba haina haja.

Na tumeona kwamba sheria ikiingia, biashara hazifi. Unakumbuka enzi za apu za mikopo kupigia mama yako, boss wako na ex wako wakisema wewe ni mkora wa madeni? Ilikuwa noma. Machi 2022 Benki Kuu ikatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali: hakuna kuchukua namba za watu kwa simu yako na kuwatumia meseji kwa sababu hujalipa, hakuna matusi, hakuna vitisho. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ikapiga faini kampuni moja ya apu za mikopo karibu shilingi milioni tatu kwa mambo kama hayo. Apu za mikopo zilikufa? Bado ziko. Zilijifunza tu kuwa na adabu.

Na Desemba 2024 sheria ilibadilishwa tena, ikapanua mkono wa Benki Kuu ufikie hata biashara za kununua sasa na kulipa baadaye. Huo ndio mlango umefunguka. Mkono umefika, swali ni kama utashika kitu. Kanuni zikiandikwa na zisitaje kufuli hata mara moja, basi tutakuwa tumemaliza kuandika sheria ya mikopo na kuacha nje silaha kubwa zaidi ya mkopeshaji.

Kanuni gani tungetaka?

Kwanza, bei mbili kwa ukurasa mmoja, kwa herufi kubwa: cash ni ngapi, jumla ya mkopo ni ngapi. Si "65 bob kwa siku" peke yake. Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kufaidika na kitu anachonunua. Hii si kuomba favour.

Pili, onyo kabla ya kufunga, na siku kadhaa za neema. Mtu amelipa miezi saba bila kukosa hafai kuamka amefungiwa kwa sababu ya siku moja ya mvua.

Tatu, hiyo ya theluthi mbili. Ukishafika hapo, kufunga simu yote kusiwe uamuzi wa mtambo peke yake.

Nne, na hii watu hawaiongelei: kampuni ikifa je? Hizi simu huuliza mtambo wa kampuni kama ziko huru. Kampuni ikifilisika ama ikihama Kenya na mtambo uzimwe, ni nani atakufungulia? Tumeona kampuni nyingi zenye pesa za wazungu zikija na mbwembwe na kuondoka na meseji moja ya "asante kwa kuwa nasi". Sheria inafaa kusema funguo za kumalizia ziwekwe mahali salama, ndio aliyemaliza deni asibaki na kipande cha kioo.

Kabla hujaweka sahihi

Sheria itachukua muda, na wewe unataka simu wiki hii. Sawa. Fanya hivi.

Uliza bei ya cash ya simu hiyo hiyo, na uiulize kwa duka lingine, si kwa huyo wa mwavuli. Kisha zidisha malipo ya siku mara siku zote, ongeza depoziti. Linganisha. Kama unaweza kungoja miezi minne ukiweka hiyo 65 bob kwa M-Shwari ama kwa chama, pamoja na ile depoziti, utakuwa na kama 10,300, na kuna simu nzuri ya cash kwa hiyo pesa, haina kufuli ya mtu.

Uliza ukikosa siku moja nini hufanyika, na ukikosa wiki je. Uliza ukimaliza mapema kuna punguzo ama utalipa ile jumla yote tu. Uliza ukiibiwa nani anabeba hasara, juu kwa mikataba mingine utaendelea kulipa simu ambayo iko na mtu mwingine. Hayo majibu yawe kwa karatasi, si kwa mdomo wa msee ambaye kesho amehamishiwa stage nyingine. Piga picha mkataba wote na uitume kwa simu ya mtu mwingine, ndio usije ukafungiwa mkataba ndani ya simu iliyofungwa.

Hifadhi namba muhimu kwa kitabu cha kawaida. Ndio, kalamu na karatasi. Weka Paybill ya malipo hapo pia.

Ukimaliza kulipa, usiende kusherehekea kwanza. Dai uthibitisho kwamba deni imeisha, na hakikisha ile programu ya kufuli imetolewa kwa simu. Kama bado inaonekana kwa setingi wiki moja baadaye, rudi uwasumbue.

Na kama unanunua simu ya mkono wa pili, iwe ni kwa Jiji ama kwa beshte wa beshte, fanya muuzaji aifanyie factory reset mbele yako, halafu uiunganishe na intaneti kabla hujatoa hata soo. Kama ni ya mkopo ambayo haijaisha, mara nyingi kufuli itajitokeza hapo hapo. Ikijitokeza, mrudishie na uende zako. Wasee wengi wamenunua simu ya "bei ya kutupa" na kugundua wamenunua deni ya mtu.

Kwa hivyo?

Kuna watu watakuambia hii ni mambo ya watu maskini, kwamba mwenye pesa hanunui simu ya kufungwa. Wajibu kwamba mchezo huanzia chini na kupanda. Ilianza na taa ya mama wa shamba, ikaja kwa simu ya msee wa boda, na nduthi nazo zikawekewa trackers. Kitu chochote chenye intaneti ndani kinaweza kuuzwa hivi: TV, friji, gari ya umeme. Vile tutakubali kwa simu ya 14,000, ndivyo tutakubaliwa kwa gari ya milioni mbili.

Wazee wa 1968 hawakukataa mkopo. Walisema tu mtu akishalipa kiasi cha haki, apewe heshima ya kusikilizwa kabla ya kunyang'anywa. Sisi tuko na simu zenye akili kuliko kompyuta zote walizowahi kuona, na hiyo heshima tumeiacha kwa sofa.

Wewe simu yako ya mkopo iko siku ya ngapi? Na uliambiwa bei ya cash kabla ya kuweka sahihi ama baada? Tupe stori yako hapo chini.